Kiti cha Msindikizaji

Tabibu aliyekipokea chumba changu alinipigia simu wiki iliyopita kuniuliza mambo mawili. La kwanza, ufunguo wa kabati la chini uko wapi. Nikamwambia haujawahi kuwepo, avute kwa nguvu. La pili, kwa nini kiti cha msindikizaji kiko nje kwenye korido wakati wagonjwa wengi huja na ndugu zao, na je, anaweza kukirudisha ndani? Hilo nilishindwa kulijibu kwa simu. Nikamwambia nitaandika, naye akacheka akidhani namtania. Sasa nimeandika. Ni marefu kuliko alivyotaka, lakini mimi nimestaafu na sina foleni mlangoni.

Habari za vyeo sitaziandika. Barua zote ziko kwenye faili, mwenye hamu akazisome. Nitaandika kuhusu fomu ya maabara, kwa sababu miaka yangu yote ya kazi ilipitia kwenye kile kikaratasi, na kwa sababu ninyi vijana mnakijaza haraka mno.

Nilianza kazi Makambako nikiwa na koti jeupe lililonizidi mabega na kichwa kilichojaa majina ya magonjwa. Siku ya kwanza niliona wagonjwa kumi na wanne na kuomba vipimo kwa wote kumi na wanne. Nilijiona nafanya kazi kubwa. Kabla ya saa sita fomu zangu zote zilikuwa zimerudi mezani, zimefungwa kwa rababendi, na juu ya kila moja yameandikwa maneno matatu kwa kalamu nyekundu: Swali ni nini?

Mwandishi wake alikuwa Mzee Mligo wa maabara. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sweta la kijani ambalo sijui kama aliwahi kulivua, na chumba chake kilikuwa na darubini moja, jokofu moja lenye mlango unaofungwa kwa plasta, na mashine ya kuzungusha damu ya mkono, ile unayoizungusha mwenyewe huku ukihesabu mpaka bega liwake moto. Nilimfuata nikiwa nimekasirika.

"Shikamoo, mzee. Fomu zangu zina kasoro gani?"

"Marahaba, binti. Hazina kasoro. Hazina swali tu." Akachukua ya juu. "Huyu umemwombea picha kamili ya damu, sukari, mkojo, choo na ini. Anaumwa nini?"

"Anasema mwili hauna nguvu."

"Sasa nikikuletea karatasi tano, utajua mwili wake umepoteza nguvu kwa nini?"

"Nitaangalia majibu."

"Majibu ya swali lipi?" Aliniangalia juu ya miwani. "Damu haisemi habari zote, binti. Inajibu ulichoiuliza, basi. Ukiiuliza ovyo itakujibu ovyo, na itakuwa imesema kweli."

Nilimchukia kwa miezi kama mitatu. Baadaye nikawa namtembelea kila mchana na chai kwenye chupa, na mengi ninayoyajua nimeyapata pale huku nikizungusha ile mashine kwa niaba yake. Homoni nilifundishwa naye kuliko nilivyofundishwa chuoni, ingawa wakati huo hatukuwa na kipimo hata kimoja cha homoni. Tulikuwa tunatenga majimaji ya damu, tunayaweka kwenye kichupa, tunayafungasha na barafu kwenye kasha la chanjo na kuyakabidhi kwa kondakta wa basi yapelekwe mji mwingine. Majibu yalirudi baada ya wiki moja au mbili, mara nyingine bila jina, mara nyingine jina likiwepo bila majibu. Kwa hali hiyo hukuthubutu kutuma sampuli kwa kubahatisha.

Aliyonifundisha nayaandika hapa yasipotee. Mwanamke akikuambia siku zake zimekata, kabla ya homoni yoyote pima mimba. Niliwahi kumwandikia mwalimu mmoja wa sekondari orodha ya homoni inayojaza ukurasa, na Mzee Mligo akairudisha ikiwa na karatasi ya kipimo cha mkojo imebandikwa kwa selotepu, mistari miwili. Mtoto yule sasa ana watoto wake. Ukishapima mimba, uliza sindano ya uzazi wa mpango, maana wapo wanaochomwa bila mume kujua, na hawatakuambia mpaka uulize vizuri. Homoni za mayai andika na siku ya mzunguko zilipochukuliwa, la sivyo namba haina maana. Homoni ya maziwa usiichukue kwa mtu aliyetoka kukimbilia basi na moyo unamdunda, mpumzishe kwanza. Kotisoli, homoni inayoushikilia mwili wakati wa shida, hupanda asubuhi na kushuka jioni, kwa hiyo ichukue kabla ya saa tatu asubuhi na uandike saa kwenye chupa. Hapa kwetu mgonjwa wa kutoka vijijini anafika mchana, basi mlaze mjini, umpime kesho yake. Na uliza kama anakunywa vidonge vya pumu au dawa ya miguu aliyonunua mnadani, maana vingine ni prednisoloni, ndugu ya kotisoli, iliyofungwa kwenye gazeti, na hiyo huharibu majibu yote.

Kuhusu tezi ya shingo alinipa kanuni moja. Anza na TSH. Hiyo ni homoni inayotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kuiamrisha ile ya shingoni ifanye kazi. Ya shingoni ikilegea, ya kichwani inapiga kelele na TSH inapanda. Kwa hiyo kipimo hicho kimoja kinakutosha kwa watu karibu wote.

"Karibu wote," alisema. "Wasiotosheka nacho ni akina nani?"

"Wale ambao tezi ya kichwani yenyewe imekufa."

"Eeh. Anayetakiwa kupiga kelele hayupo. Hapo TSH itakuja nzuri tu, na wewe utafurahi. Kwa hiyo uliza kwanza habari za kichwa na habari za uzazi. Mwanamke aliyetoka damu nyingi wakati wa kujifungua, tezi ile inaweza kukosa damu ikafa kimyakimya. Muulize maziwa yalitoka? Siku zake zilirudi? Akijibu hapana mara mbili, usiniletee TSH peke yake. Niletee na T4, homoni ya shingoni yenyewe, na kotisoli."

Ninaandika maneno yake neno kwa neno ili muone kwamba nilijua. Watu wakikosea husema hawakufundishwa. Mimi nilifundishwa.

Mzee Mligo alistaafu, akafa kabla sijapata nafasi ya kwenda kumwona, jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Mimi nikahamia kituo kimoja cha afya upande wa Njombe, jirani na misheni, ambako wagonjwa wangu wengi walikuwa wakulima Wakatoliki wa vijiji vya jirani na wengine wa mbali zaidi, mpaka Matembwe. Fomu nayo ikabadilika. Ile ya zamani ilikuwa na mistari minne ya kuandika maelezo ya mgonjwa. Mpya ikaja na visanduku vya kuweka tiki, na nafasi ya maelezo ikabaki kama ukucha. Niliipenda. Ilikuwa safi na ya haraka, na hapakuwa tena na mtu wa kuirudisha kwa kalamu nyekundu.

Vestina aliletwa mwezi wa saba, asubuhi ambayo majani ya viazi yalikuwa yameungua kwa barafu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alivaa masweta mawili, na juu yake kitenge na blanketi la begani. Aliyemleta ni baba mkwe wake, Mzee Gaudensi, katekista wa kigango chao huko Matembwe, mtu mwenye heshima zake, koti limepigwa pasi, kofia ameishika mkononi. Mume wa Vestina alikuwa msituni akipasua mbao. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Kwa hiyo mzee alitoka naye kijijini kabla ya jogoo, wakapanda gari la mbao mpaka Njombe.

Kiti cha msindikizaji kilikuwa ndani, kando ya meza yangu. Mzee akakaa hapo. Vestina akakaa kwenye benchi la mgonjwa, akajikunja, uso ameuelekeza sakafuni.

"Kamwene, dokta," mzee alinisalimu kwa Kibena. "Huyu ni mke wa mwanangu. Nimekuja naye unisaidie jambo moja. Zamani alikuwa mchapakazi. Chai anachuma, shamba analima, hata kwaya aliimba. Sasa miaka miwili hivi, tangu amzae mjukuu wangu, ni mtu wa kulala. Anakaa juani saa nzima. Anasema anasikia baridi."

"Baridi wote tunaisikia, mzee," nilisema, na nesi aliyekuwa mlangoni akacheka. Nami nilicheka.

"Ndiyo. Sasa mwanangu anataka kumrudisha kwao. Anasema ameoa mvivu. Mimi nikasema hapana, tusimwonee mtu. Twende hospitali, apimwe. Uniandikie karatasi. Kama ni ugonjwa, tutamtibu, ni binti yetu. Kama si ugonjwa, basi tujue."

Ndivyo lilivyowekwa mezani. Mwanamke yule alikuwa anasubiri karatasi yangu iseme kama atabaki na mtoto wake au la.

Nikamgeukia. Nikamuuliza anakula vizuri, akasema kidogo. Nikamuuliza choo, akasema kigumu. Presha yake ilikuwa chini, tisini kwa sitini, nikaandika na kusonga mbele. Kisha nikamuuliza, baba mkwe wake amekaa pale umbali wa mkono mmoja: "Na siku zako, zinakwenda vizuri?"

Alikaa kimya kidogo. "Vizuri," akasema.

"Ulijifungua salama?"

"Salama."

Nikaandika: uzazi salama, hedhi kawaida.

Mimi ni Mkinga wa Makete niliyeolewa kwa Wabena. Kwa baba mkwe wangu niliishi miaka sita bila kukohoa kwa sauti mbele yake. Nguo zangu za ndani nilizianika chini ya kanga, nyuma ya banda la kuni, asizione. Kama daktari angeniuliza habari za hedhi yangu mbele ya mzee yule, ningesema vizuri, vizuri kabisa, hata kama ningekuwa natoka damu mpaka kwenye viatu. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote ndani ya chumba. Na ndiyo maana ukimya wa Vestina haukunishtua. Nilimwona ni binti mwenye adabu.

Kumwambia mzee atoke sikuwaza. Au niliwaza, nikaona haya. Katekista, kwa umri wa baba yangu, ametoka Matembwe kwenye baridi ile kwa ajili ya mke wa mwanawe, mimi nimwambie toka nje? Sikumlaza kitandani nimpime mwili kwa sababu hiyo hiyo, na pazia letu lilikuwa fupi. Nikachukua fomu, nikaweka tiki kwenye kisanduku kimoja. TSH.

Majibu yalirudi baada ya siku nane. Yalikuwa ya kawaida kabisa. Mzee Gaudensi alikuja mwenyewe kuyachukua, nami nikamwandikia karatasi kwa mwandiko mzuri, nakala mbili, nikazipiga muhuri: Kipimo cha homoni ni cha kawaida. Hakuna ugonjwa ulioonekana. Akanishukuru kwa mikono miwili. Aliniletea na mahindi ya kuchoma kwenye mfuko, bado yana joto.

Sikumfikiria tena Vestina kwa miaka saba.

Kufikia hapo nilikuwa nimerudi Makambako kumalizia utumishi. Asubuhi moja, nimetoka tu kusaini daftari, nikaitwa chumba cha dharura. Mama mmoja wa Lyamkena ameleta binti yake kwenye bajaji, anatapika siku ya tatu, kifua kinabana, na tangu alfajiri anachanganya maneno. Nikamkuta mwanamke mweupe midomo, ngozi ya uso laini kama karatasi ya sigara, mikunjo midogo pembeni mwa macho isiyolingana na umri wake. Presha ilikuwa haisomeki vizuri. Sukari ilikuwa mbili, chini mno. Tukamwekea dripu ya sukari, akafungua macho.

Nilipomwinua mkono kutafuta mshipa niliona kwapa lake halina unywele hata mmoja. Halikunyolewa. Lilikuwa kama la mtoto.

"Mama," nikamuuliza mama yake, "huyu alijifungua lini?"

"Mtoto ana miaka tisa, dokta. Yuko kwa baba yake."

"Alitoka damu?"

"Jamani, damu! Mkunga wa jirani alikuja kuniita mwenyewe, nikafunga safari mpaka Matembwe kumuuguza, nikamkuta kama maiti. Walitandika magunia."

"Maziwa yalitoka?"

"Hata tone. Mtoto alinyonyeshwa na mke wa shemeji yake. Na siku zake ndiyo zikakomea hapo hapo." Akafungua mfuko wa nailoni aliobeba. "Lakini walimpima huko Njombe, dokta. Walisema hana ugonjwa. Ndiyo wakamrudisha kwangu. Karatasi ninayo, nimeitunza, nilijua iko siku daktari atataka kuiona."

Akanipa. Nikaona muhuri, kisha mwandiko, kisha sahihi yangu.

Nesi aliniita mara mbili. Nikachukua damu kwenye chupa yenye kifuniko chekundu, nikaandika saa: moja na dakika hamsini. Fomu ile ilikuwa na visanduku vile vile, lakini niligeuza nyuma yake nikaandika kwa mkono: Alitoka damu nyingi alipojifungua miaka tisa iliyopita. Hakutoa maziwa. Hedhi haikurudi. Je, tezi ya kichwani imekufa? Naomba kotisoli, T4, TSH. Hilo ndilo swali ambalo Mzee Mligo angelipokea bila kulirudisha. Kisha, bila kusubiri majibu, nikamchoma haidrokotisoni, yaani kotisoli ya sindano. Vijana, hapo msisubiri kamwe, na msimpe mtu wa namna hii dawa ya tezi ya shingo kabla ya kotisoli, mtamuua kwa mikono yenu.

Mpaka mchana alikuwa ameamka vya kutosha kunitambua. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda. Mama yake alikuwa ameenda kutafuta uji.

"Wewe ni yule dokta wa Njombe," alisema.

"Ni mimi."

"Samahani, dokta. Siku ile nilikudanganya. Uliniuliza siku zangu, nikasema vizuri. Baba alikuwepo." Akapumua. "Nilitaka kurudi mwenyewe nikuambie. Sikupata nafasi."

Alikuwa ananiomba msamaha. Nilimwambia asiseme hivyo, kosa ni langu, lakini sina hakika kama alinisikia, na niliyasema kwa sauti ndogo. Nilikuwa na aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Aliniuliza kama akipona nitaweza kumwandikia karatasi nyingine, ya kumpelekea Oliva, binti yake, kwa sababu mtoto huko shuleni anaambiwa mama yako alikuwa mvivu. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia dawa zipo, ni vidonge vya kila siku, atachuma chai tena. Hilo lilikuwa kweli. Lingekuwa kweli zaidi miaka saba nyuma.

Nimonia ilikuwa imeshashika mapafu yote mawili, na mwili uliokaa miaka tisa bila homoni ya kuushikilia haukuwa na kitu cha kupigana nacho. Tulipanga gari la kumpeleka hospitali ya rufaa. Alifariki siku ya pili, kabla ya adhuhuri, gari likiwa limeshawashwa.

Majibu yalikuja siku ya tisa, wakati matanga yameshaisha. T4 iko chini sana. Kotisoli karibu hakuna. TSH ilikuwa ya kawaida. Nililiangalia jibu hilo la mwisho kwa muda mrefu. Kipimo nilichokiomba mara ya kwanza hakikuwahi kudanganya, na kama ningekirudia kila mwaka kingeendelea kunipa jibu lile lile zuri.

Mama yake Vestina alikuja kuchukua majibu akiwa amejifunga kaniki nyeusi. Nikamweleza yote, pamoja na kwamba sahihi kwenye karatasi ya kwanza ni yangu. Nilitegemea anitukane. Alikaa, akakunja ncha ya kaniki, akaikunjua.

"Mimi siwezi kwenda Matembwe, dokta," alisema. "Sina uso wa kuwaona watu wale. Wewe ndiye uliyewapelekea ile ya kwanza. Wapelekee na hii."

Nilikwenda siku ya Jumamosi. Nilikuwa nimeandika karatasi kwa mwandiko ule ule, na muhuri nikapiga: Marehemu Vestina alikuwa mgonjwa tangu siku aliyojifungua. Udhaifu wake haukuwa uvivu. Kipimo nilichoomba mara ya kwanza hakikuwa kipimo cha ugonjwa wake, na aliyekosea kuchagua ni mimi.

Mzee Gaudensi alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo, lakini alinitambua kabla sijajitambulisha. Akanikaribisha ndani, akanikalisha, akavaa miwani. Alisoma karatasi polepole, kidole kikifuata mstari, jinsi anavyosoma somo kanisani. Alipomaliza aliisoma tena. Nikamweleza kwa mdomo habari za tezi, na damu, na maziwa, na kwamba siku ile nilimuuliza Vestina maswali sahihi, ila aliona haya kuyajibu.

"Uliyauliza mimi nikiwa pale," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Ulitegemea aseme nini?"

Niliiangalia karatasi iliyokuwa mkononi mwake.

"Mimi nilitaka apone, dokta. Ningekuwa nataka kumfukuza, ningempeleka hospitali?" Sauti yake ilikuwa haijapanda, na hilo ndilo lililoniumiza. "Ungeniambia tu, mzee, subiri nje kidogo. Ningetoka. Kwa nini nisitoke?"

Miaka yote ile nilikuwa nimejipa kisingizio kimoja, kwamba heshima ya mzee ilinifunga mikono. Kumbe mwenyewe hakuwahi kuihitaji. Nilikuwa nimemlinda na jambo ambalo lisingemuumiza, na aliyelipa ni Vestina.

Jumatatu yake, chumbani kwangu Makambako, niliinua kiti cha msindikizaji kwa mikono yangu, nikakiweka korido. Tangu hapo kila mgonjwa wangu ameingia peke yake kwanza, awe ameletwa na mume, mama, padri au diwani. Wapo walionuna. Diwani alinishtaki. Hakuna hata mmoja aliyekataa kutoka baada ya kuambiwa kwa adabu. Ukishamsikia mgonjwa, fungua mlango, ndugu aingie, hata asimame, haitamdhuru. Kisha ndipo uchukue kalamu uchague kipimo. Kwa hiyo hapana, mwanangu, usikirudishe ndani.

Lakini nimeruka jambo moja la siku ile ya Matembwe, na nisipoliandika nitakuwa nimewaficha. Nilipoaga, Mzee Gaudensi aliikunja karatasi yangu akaiingiza kwenye Biblia yake, na pale ndani nikaona nyingine, ya zamani, imekuwa ya njano kwenye mikunjo, yenye muhuri kama huo. Ilikuwa nakala ya ile aliyoitunza mama yake Vestina kwenye mfuko wa nailoni. Akaita kuelekea jikoni. Akatoka binti mwembamba mwenye sare ya shule, mikono ina unga, akapiga goti kunisalimia.

"Oliva," babu yake akamwambia, "msalimie dokta. Huyu ndiye aliyeandika karatasi ya mama yako."

Hakusema ni ipi.